Mfanyabiashara asilipie programu isiyozungumza na wenzake

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Usemi huo ni wa kweli shambani, lakini kwenye programu za kompyuta unaweza kumtia mtu hasara. Jembe likivunjika mpini, fundi wa Tandika atatia mwingine siku hiyo hiyo. Programu iliyojengwa vibaya ikiharibika, huondoka na hesabu za wateja, madeni na orodha ya mali iliyoko ghalani.

Suala hili linawagusa watu wengi wa pembezoni mwa Dar es Salaam. Mfugaji wa kuku wa mayai wa Bunju, muuza nafaka wa Tandale, mfanyabiashara wa jumla wa Temeke Stereo na SACCOS ya Mbagala, wote hufika siku ambayo daftari halitoshi tena. Hapo huitwa kijana wa kompyuta, na maswali yanayoulizwa huwa mawili: bei gani na itakamilika lini. Swali la tatu, ambalo ndilo kubwa, husahauliwa: programu hiyo itazungumza na nani, na kwa njia gani?

Ni vyema ikumbukwe kwamba biashara ya leo haikai peke yake. M-Pesa iliingia Tanzania mwaka 2008. Mashine za EFD za TRA zilianza mwaka 2010. Mwaka 2014 makampuni ya simu yalianza kuruhusu wateja kutumiana fedha kutoka mtandao mmoja kwenda mwingine, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Mwaka 2017 serikali ilileta mfumo wa malipo wa GePG na kontroli namba zake, na mwaka 2021 Benki Kuu ikaanzisha TIPS, mfumo wa malipo ya papo kwa papo. Programu isiyoweza kupokea taarifa kutoka mifumo kama hiyo humrudisha mwenyewe kwenye kazi ya kunakili kwa mkono, yaani daftari lile lile, ila sasa linakula umeme.

Mazungumzo ya programu kwa programu kupitia intaneti huitwa huduma za wavuti, na zipo njia kuu mbili. SOAP hufanana na barua ya rejista: ina bahasha maalumu, na masharti yake huandikwa mapema kwa ukali. REST, iliyoelezwa na Mmarekani Roy Fielding katika tasnifu yake ya mwaka 2000, hufanana na kadi ya posta: ni nyepesi na rahisi kusoma, hivyo haimalizi kifurushi cha intaneti haraka. Vijana wengi huisifu hiyo ya pili, na wana sababu. Lakini mwenye duka hachagui peke yake. Anayeamua ni yule wa upande wa pili. Safaricom ya Kenya ilipofungua mlango wake wa Daraja mwaka 2017, ilitumia REST. GePG nayo hutumia ujumbe wa XML wenye saini ya kidijitali. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuandika orodha ya mifumo ambayo biashara italazimika kuunganishwa nayo, ndipo kiunzi kichaguliwe.

Kiunzi cha programu ni kama nguzo, lenta na kenchi zilizokwisha kupimwa, ili fundi asianze kubuni nyumba upya. Spring ya lugha ya Java, Django ya Python na Laravel ya PHP ni viunzi vya namna hiyo, na vyote hupatikana bila malipo ya leseni. Kwa biashara ndogo, kiunzi kinachofaa ni kile kinachojulikana na mafundi wengi, hata kama si kipya wala hakivutii. Kijana mmoja akipata ajira Arusha au akienda masomoni, awepo mwingine wa kushika kazi kesho yake. Programu inayoeleweka na mtu mmoja tu humfanya mwenye duka awe mpangaji katika nyumba yake mwenyewe.

Kiunzi pia huhitaji matunzo. Mwaka 2017 kampuni kubwa ya Marekani, Equifax, iliibiwa taarifa za watu wapatao milioni 147. Wezi walipitia tundu la kiunzi kiitwacho Apache Struts, ambalo dawa yake ilikwishatolewa mwezi Machi mwaka huo, lakini kampuni haikuiweka. Kama kampuni ya ukubwa huo ilipatikana, SACCOS isiyo na bajeti ya matunzo haina ulinzi wowote. Tena tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika nchini, na taarifa za wanachama ni dhamana.

Yapo majaribio mawili ambayo mnunuzi anaweza kuyafanya bila kusomea kompyuta. La kwanza, intaneti ikatwe katikati ya malipo, kisha irudishwe. Programu nzuri huipa kila shughuli namba yake, hivyo ombi likitumwa mara mbili huhesabiwa mara moja. Programu mbovu humkata mteja wa trei 20 za mayai fedha za trei 40. La pili, mteja aonyeshe ujumbe wa malipo wa kughushi kwenye simu yake. Programu nzuri haitazami simu ya mteja. Huuliza kwa kampuni ya malipo yenyewe kama fedha zimeingia.

Wapo watakaosema mambo haya ni ya benki na makampuni makubwa. Ni kweli kwamba mwenye genge la nyanya hahitaji programu. Daftari na simu vinamtosha, na asidanganywe. Lakini mwenye maduka mawili, au kikundi kinachotunza akiba za watu, tayari kimeingia kwenye mchezo. Kwao gharama inaweza kugawanywa: wafanyabiashara wa soko moja wakichanga na kulipia mfumo mmoja, watapata fundi bora kuliko kila mmoja akienda peke yake.

Mkataba nao uandikwe. Useme kwamba msimbo wa programu, nywila na jina la tovuti ni mali ya biashara, kwamba hesabu zote zinaweza kutolewa na kuhamishiwa kwingine, na kwamba malipo yatafanyika kwa awamu, awamu ya mwisho ikingoja majaribio yale mawili. Fundi anayekataa masharti hayo ni afadhali aachwe mapema, kabla hesabu za wateja hazijaingia mikononi mwake.