Udongo si alama ya umaskini

Mwaka 2022 Tuzo ya Pritzker, inayohesabiwa kuwa heshima kubwa kuliko zote katika usanifu wa majengo, ilitolewa kwa Mwafrika kwa mara ya kwanza. Aliyetunukiwa, Diébédo Francis Kéré wa Burkina Faso, hakupata sifa kwa maghorofa ya vioo. Kazi iliyomtambulisha ni shule ya msingi ya udongo katika kijiji alikozaliwa cha Gando, iliyokamilika mwaka 2001. Jambo hilo halina budi kuwafikirisha wote waliokabidhiwa dhamana ya kujenga shule na ofisi za umma barani Afrika.

Kéré alikuwa bado mwanafunzi huko Berlin alipoichora shule hiyo. Hakunakili majengo ya Ulaya. Alizingatia ukali wa jua la Gando, vifaa vilivyopo kijijini na hali ya mtoto atakayeketi darasani. Matofali yalifyatuliwa kwa udongo wa hapo hapo uliochanganywa na saruji kidogo. Dari ikajengwa kwa matofali yaliyoachiwa nafasi, na paa la bati likainuliwa juu yake kwa nondo, ili hewa ya moto ipande na kutoka bila msaada wa mashine yoyote. Wanakijiji ndio waliojenga, na ujuzi ukabaki mikononi mwao.

Kwetu Tanzania somo hilo si geni. Mwaka 1977, akitathmini miaka 10 ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alikemea kasumba ya kuamini kwamba nyumba bora ni ya saruji na bati tu, hata watu wakayadharau matofali ya kuchoma na vigae. Kasumba hiyo haijafa. Yapo madarasa yaliyoezekwa bati bila dari, ambayo adhuhuri huwa tanuri, na mvua inaponyesha sauti ya mwalimu haisikiki. Katika hali hiyo hata mwalimu hodari hawezi kufundisha ipasavyo.

Hakuna anayesema kwamba wananchi warudie vibanda vinavyobomoka kila masika. Udongo usiotayarishwa kitaalamu humomonyoka, na watu wa Gando wenyewe waliutilia shaka hapo awali. Ndiyo sababu utafiti unahitajika: kupima udongo wa kila mahali, kuimarisha msingi, kurefusha paa ili kuta zisilowe, na kuwafunza mafundi vijijini.

Aidha, ramani moja haiwezi kufaa joto la Lindi na baridi ya Njombe. Ni wajibu wa wasanifu, wahandisi na maofisa wa halmashauri kujua hali ya hewa na vifaa vya mahali kabla ya kuidhinisha ujenzi, na kumsikiliza mwalimu atakayefundisha humo. Vyuo vyetu navyo vipeleke matokeo ya utafiti wao vijijini badala ya kuyafungia makabatini. Fedha ya umma inayojenga darasa lisilokalika imepotea, hata kama kuta zake ni za saruji tupu.