Raketi ya pingpongi: raba ipi kwa mtoto yupi?



Vakansi kubwa zinakaribia na maswali mnayotuletea yamebadilika. Mmoja anauliza: mtoto analilia raketi ya pingpongi, nichukue ya namna gani? Mwingine ni wa kikundi kilichojengewa meza ya saruji, na sasa wanataka kutoa feza kidogo ya likilimba wanunulie wasichana raketi. Tunawajibu pamoja wiki hii, kwa sababu feza hiyo ni ya jasho, na muuzaji wa soko mara nyingi anajua bei tu.

Neno la kwanza: msivutwe na ubao wala na rangi ya mkono wa raketi. Tazameni raba, ile kauchu iliyobandikwa juu, pamoja na sponji iliyo chini yake. Ubao mzuri unadumu miaka mingi. Raba ndiyo inayochakaa, inabanduliwa na kubadilishwa, na ndiyo inayoamua kama mpira utakwenda mbio au pole, utazunguka au hautazunguka. Mpira wenyewe una gramu 2.7 tu. Kitu chepesi hivyo, kila kinachokigusa kinakibadilisha.

Zamani raketi zilivikwa raba ya vipele bila sponji, na mpira ulipopigwa ulilia, kila mtu akasikia. Mwaka 1952, kwenye mashindano ya dunia yaliyofanyika Bombay, Mjapani Hiroji Satoh alifika na raketi yenye sponji nene. Haikulia, na mpira ulitoka kwa mwendo ambao wenzake hawakuuzoea. Akachukua ubingwa. Tangu hapo raba zikawa jambo kubwa, mpaka sheria ikaweka mpaka: leo raba, sponji na gundi yake kwa pamoja havipaswi kuzidi milimita 4.

Raba mnayoiona zaidi ni ile laini, yenye vipele vilivyogeuzwa ndani. Uso wake unashika mpira. Ukiukwaruza mpira kwa kupanda juu, unazunguka kwenda mbele na kushuka mezani hata kama umepigwa kwa nguvu. Ndiyo maana washambuliaji wengi wanaipenda. Lakini kushika huko kunafanya kazi pande zote mbili: mzunguko wa mpinzani nao unashika kwenye raba ya mtoto wako. Anaweka raketi tu, mpira unaruka pembeni au unaingia kwenye wavu, na mama aliyesimama kando anafikiri mtoto hakuangalia. Aliangalia. Raba imejibu kabla ya yeye kujibu.

Na raba laini hazifanani zote. Wachina wengi wanapenda zenye uso unaonata na sponji ngumu. Hizo zinataka mkono mzima, kiuno na miguu, hazimpi kitu mtu anayepiga kwa kiganja tu. Za Wajapani na Wajerumani mara nyingi zina sponji inayoruka, mpira unachomoka wenyewe. Ile Tenergy ya Butterfly, ambayo vijana wanaitaja sana, ni ya jamii hiyo. Ni raba nzuri kwa mtu anayejizoeza kila siku, na kipande kimoja kinaweza kupita bei ya raketi nzima ya kuanzia.

Hapa ndipo tunataka mtusikie vizuri. Mtoto wa miaka 9 akipewa raketi ya mbio, kila mpira unapita meza. Baada ya siku chache anaanza kuogopa mkono wake mwenyewe. Anaacha kuuvuta nyuma, anagusagusa mpira, anajikunja. Wengine wanamwambia hana kipaji. Kabla vakansi kwisha raketi iko chini ya kitanda, na mama anasema mtoto huyu hajui anachotaka. Kumbe alipewa chombo cha mtu mwingine.

Kwa anayeanza, sisi tunasema: raba laini ya mwendo wa katikati, sponji ya milimita 1.5 au 1.8, na iwe ya namna moja pande zote mbili. Mark V ya Yasaka, iliyotoka mwaka 1969 na bado inauzwa, ikichukuliwa na sponji nyembamba ni mfano unaofaa. Sponji ikiwa nyembamba, mtoto anausikia mpira ukifika kwenye ubao, anajua amepiga nini. Mwacheni nayo mwaka mmoja.

Baada ya mwaka, mtazameni. Anasimama wapi mwenyewe, bila kuambiwa?

Kama anakaa karibu na meza na kupiga mapema, mpira ukiwa bado unapanda, kuna raba ya vipele vifupi vilivyogeuzwa nje. Haishiki sana, kwa hiyo mpira unatoka umenyooka na wa haraka, na mzunguko wa mpinzani haumsumbui sana. Mjapani Mima Ito anatumia vipele vifupi upande wa nyuma ya mkono, na kwenye Olimpiki ya Tokyo alichukua dhahabu ya wawili wawili mchanganyiko. Aliyemfundisha tangu akiwa mdogo kabisa ni mama yake, ambaye naye alikuwa mchezaji.

Kama anarudi nyuma na kurudisha kila kitu, mpira ukikata hewa chini chini, huyo ni mlinzi. Kwake kuna vipele virefu. Ni vyembamba, vinapinda mpira unapogusa, na jambo lao la ajabu ni hili: havitengenezi mzunguko mwingi vyenyewe, vinamrudishia mpinzani ule wake, umegeuka. Aliyeupiga kwa nguvu anaupata ukimzama kwenye wavu. Kim Song-i wa Korea ya Kaskazini alicheza hivyo, mbali na meza, akapata shaba huko Rio mwaka 2016. Watu wa kando, na hasa kaka zao, wanapenda kumcheka msichana anayecheza hivi, eti anaogopa. Haogopi. Anamchosha mwenzake, na kazi hiyo inataka miguu na subira kuliko kushambulia.

Vipele virefu si vya kukaa nyuma tu. Deng Yaping wa China alikuwa na urefu wa karibu mita 1.50, na alipokuwa mtoto alikataliwa kwenye timu kwa sababu ya ufupi. Akabaki karibu na meza, raba laini mbele, vipele virefu nyuma, akachukua dhahabu 4 za Olimpiki, mwaka 1992 na 1996. Naye Ni Xialian, mzaliwa wa China anayechezea Luxembourg, ni mama wa watoto wawili. Aliingia Olimpiki ya Paris mwaka 2024 akiwa na miaka 61, na vipele vyake virefu, akashinda mchezo wa kwanza. Wale kati yetu wanaosema michezo ni ya kabla ya ndoa, wachukue jina hilo.

Lakini vipele virefu visiwe vya kuanzia. Mtoto akishavizoea mapema anashinda wenzake wa kartiye haraka, kwa kuwa hawajui kinachowapata, na yeye mwenyewe hajifunzi kutengeneza mzunguko. Akikutana na mtu anayevijua, hana kingine mkononi.

Kuna pia raba inayoitwa ya kuua mzunguko, laini lakini haishiki kitu. Kwa watoto, iacheni.

Mkibadilisha, badilisheni upande mmoja tu kwanza, na rangi za pande mbili ziwe tofauti, mmoja ukiwa mweusi. Sheria ya nyekundu na nyeusi ilianza mwaka 1986, kwa sababu kulikuwa na watu waliobandika raba mbili tofauti zenye rangi moja, wakawa wanageuza raketi mkononi bila mwenzao kujua. Tangu 2021 upande usio mweusi unaweza kuwa hata wa buluu au kijani. Kwenye mashindano makubwa wanatafuta pia alama ya ITTF karibu na mkono wa raketi.

Sokoni, chukua mpira na uukwaruze juu ya raba. Ukiteleza kama juu ya kitambaa cha plastiki cha mezani, raba hiyo imekufa kabla hujalipa. Bonyeza kwa kidole gumba: sponji ishuke na kurudi. Raketi za bei ndogo za vipele bila sponji msizidharau, ni za pole na zinamfaa mtoto wa miaka 6.

Adui mkubwa kwetu ni vumbi, na vakansi zinaangukia kiangazi. Baada ya kucheza, futa raba kwa sponji safi yenye maji kidogo, bila sabuni, ikauke kivulini, kisha uifunike kwa plastiki. Raba ikibanduka, msiipeleke kwa fundi viatu. Gundi zenye harufu kali zilikatazwa kwenye mashindano mwaka 2008 kwa ajili ya mvuke wake, na sisi wamama tunajua kole inafanya nini kwa watoto wa barabarani. Kuna gundi nyeupe ya maji, ndiyo ya kutafuta.

Kwa vikundi: raketi 4 zenye ubao mzuri na raba za kubadilisha ni bora kuliko raketi 10 za kutupwa baada ya miezi mitatu. Na zikae kwa mama mmoja wa kikundi, karibu na uwanja, si kwenye sanduku la uwanjani. Zikikaa huko, saa ya wasichana inapofika mtakuta wavulana wamekwisha kuzishika.