Themostati Haina Kosa

Eti Prado ya dizeli ikichemsha, dawa ni kung'oa themostati na kuitupa! Makala moja ya juzi imelirudia hilo kana kwamba ni elimu. Kwenye injini nyingi za Toyota, themostati ikifunguka huziba pia njia fupi inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa, njia hiyo inabaki wazi na sehemu ya maji inarudi na moto wake. Umepoza nini hapo?

Mwandishi hakuuliza swali la kwanza la fundi: gari linachemsha lini? Likichemsha kwenye foleni na kupoa likikimbia, shuku feni, hasa klachi yake. Likichemsha likipanda mlima wa Kitonga na mzigo, tabo ikisukuma, kagua rejeta. Huenda imeziba ndani. Na asubuhi, kabla hujawasha, bonyeza mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa mgumu ilhali injini imelala baridi, huenda gesi ya silinda inapenya kwenye maji. Injini ya dizeli ya 1KZ-TE iliyomo kwenye baadhi ya Prado, yenye hedi ya alumini, inajulikana kwa kupasuka hedi, na ufa huo hauzibwi kwa kung'oa themostati.