Mdhibiti ubora akae dawati moja na mtoto

Gari la wadhibiti ubora likiegeshwa mbele ya ofisi ya mwalimu mkuu, mara nyingi maazimio ya kazi, maandalio ya masomo na daftari la mahudhurio huwa yameshapangwa mezani. Kwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu, maswali hayabadiliki sana: wako wangapi, njia ya mteremko ipo, choo chao kipo, vifaa vipo? Hujibiwa kwa namba, au kwa ndiyo na hapana.

Ichukuliwe mashine ya nukta nundu aina ya Perkins. Ina vitufe sita vya kuandikia, kimoja kwa kila nukta. Kikikwama kimoja, mtoto asiyeona hana tena kalamu. Lakini kwenye orodha ya vifaa, mashine mbovu iliyofungiwa stoo inahesabiwa sawa na ile inayofanya kazi. Taarifa itasema kifaa kipo, na mtoto atakuwa amemaliza muhula akisikiliza wenzake wakiandika.

Tanzania haina upungufu wa sheria. Iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na mwaka uliofuata ikatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mwaka 2017 ukaja mfumo wa udhibiti ubora, unaoitazama shule katika maeneo sita: mafanikio ya wanafunzi, ufundishaji, mtaala, uongozi, mazingira na ushiriki wa jamii. Ni mfumo mzuri kuliko ukaguzi wa zamani wa kuvizia makosa ya mwalimu. Ila mahitaji maalumu yametawanyika humo ndani bila kuwa na alama yake yenyewe, na hapo ndipo watoto wanapopotea. Darasa lenye ufaulu mzuri halishushwi na mtoto mmoja mwenye usikivu hafifu aliyekaa nyuma, asiyeelewa somo tangu Januari.

Mtoto mwenye ualbino aonyeshe mfano mwingine. Mara nyingi ana uoni hafifu, na mwanga mkali humuumiza macho. Anahitaji kukaa mbele, mbali na dirisha linalopitisha jua, na apewe maandishi makubwa. Kwenye mstari wa asubuhi anahitaji kivuli, kofia na mikono mirefu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji fungu kutoka hazina. Mdhibiti anayefika kabla ya kengele ya kwanza na kusimama uwanjani atajua mengi kuhusu shule hiyo kabla hajafungua faili lolote.

Kwa mwanafunzi kiziwi jambo ni zito zaidi. Mdhibiti asiyejua Lugha ya Alama ya Tanzania atamwona mwalimu akipunga mikono na darasa limetulia, aandike kwamba ufundishaji unaendelea vizuri. Atajuaje kama kilichoelezwa ni hesabu ya sehemu au ni maneno machache yanayorudiwa? Timu inayokwenda kwenye shule au kitengo cha viziwi bila mtu anayeijua lugha hiyo haijakagua ufundishaji.

Huko England, taasisi ya ukaguzi ya Ofsted ilianza utaratibu mpya Novemba 2025. Ujumuishi sasa unapewa daraja lake peke yake katika taarifa ya shule, na wakaguzi huchagua wanafunzi wachache na kuchunguza kwa kina wanavyosaidiwa. Walimu wa huko wana malalamiko yao kuhusu ukaguzi, lakini wazo hilo linafaa kuchukuliwa.

Watasema wadhibiti ni wachache na shule ni nyingi. Ni kweli. Lakini kumfuata mtoto mmoja tangu mstarini hadi kipindi cha mwisho, kufungua daftari lake na kumuuliza mzazi wake maswali mawili, ni kazi ya siku moja. Siku hiyo ipunguzwe kwenye muda wa kupekua maandalio ya masomo.

Wizara ya Elimu iupe ujumuishi alama yake katika taarifa ya udhibiti ubora. Nawe mzazi wa mtoto mwenye mahitaji maalumu, wadhibiti wakija shuleni, omba kuonana nao, kisha uliza taarifa yao imesema nini kuhusu mwanao.