STERINGI HAFI? HIYO NI KWENYE MUVI, SIYO ZIWA TANGANYIKA

Wadau wa Rusimbi, Mwanga, Ujiji na wote wa mwisho wa reli, leo hakuna habari ya nani kaachana na nani. Leo kuna staa mmoja anatakiwa kuambiwa ukweli. Wanaomzunguka wanaogopa kumwambia maana ndiye anayelipa bili, kwa hiyo ataambiwa hapa.

Jina halitajwi, mwenyewe anajijua. Kila akija nyumbani kula bata anakodi boti, anapakia madansa, wapiga picha, machawa, spika na jenereta, halafu wanaingia ziwani kushuti. Jaketi okozi hakuna aliyevaa. Machache yaliyokuwemo yamekaliwa kama mito. Shabiki mmoja akamuuliza kwenye ukurasa wake, mbona hamjavaa? Jibu likaja la maneno mawili: "Steringi hafi." Watu wakacheka, wakagonga laiki, yakaisha.

Hayajaisha.

Huyu huyu kwenye video yake iliyopita alivaa kama kapteni wa chombo cha anga za juu. Taa nyekundu zinawaka na kuzima, king'ora kinalia, madansa wanakimbia huku na huku. Video kali, hilo halina ubishi. Tatizo ni kwamba alichukua taa na king'ora, akaacha maana yake.

Ile staili imetoka Star Trek, iliyoanza kuonyeshwa kwenye televisheni Marekani mwaka 1966. Mle ndani hali ya hatari ina ngazi zake. Ikitangazwa njano, kila mtu anajiweka sawa, maana kuna kitu hakieleweki. Ikitangazwa nyekundu, king'ora kinalia, ngao za chombo zinapandishwa na kila mmoja anakimbilia sehemu yake ya kazi. Hakuna anayeuliza "kwani kuna nini?" Walishafundishwa kabla. Hata dada wa mawasiliano, Uhura, ambaye jina lake limetokana na neno letu uhuru, kazi yake ni kusikiliza ujumbe na kuufikisha. Akisema kuna ujumbe wa hatari, kapteni hamwambii apunguze uoga.

Sasa steringi mwenyewe, Kirk. Kwenye muvi ya mwaka 1982, ile ya Khan, chombo kingine kinamsogelea na hakijibu simu. Afisa kijana wa kike anamkumbusha sheria inavyosema chombo kisichojibu kikikaribia. Kirk anatangaza njano, lakini ngao hapandishi. Anajiamini, na chombo kile ni cha jeshi lao wenyewe. Anapokuja kushtuka ameshachapwa. Kirk hafi, ndiyo. Wanaokufa ni vijana wa mafunzo waliokuwa chini kwenye mashine. Na mwisho wa muvi anayelipa ni rafiki yake wa damu, Spock.

Kwa hiyo steringi hafi, sawa. Wanakufa waliomwamini. Kwenye ile boti ya klipu nani yuko kwenye nafasi ya wale vijana wa mashine? Ni yule dansa wa Rusimbi aliyeahidiwa elfu ishirini na nauli ya bodaboda. Ni kijana wa kushika taa ambaye hajui kuogelea na anaona aibu kusema. Staa ana baunsa wa kumvuta nje. Dansa ana nani?

Watu watasema zile ni hadithi za anga, huku ziwani hakuna njano wala nyekundu. Zipo! Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, inatoa ngazi hizo hizo kwa rangi. Njano ni angalizo. Rangi ya chungwa ni tahadhari. Nyekundu ni tahadhari kubwa. Ukisikia wanataja upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2, wanaongea na wewe mwenye boti. Mita 2 ni zaidi ya urefu wa staa mwenyewe hata akivaa viatu vyake vya soli nene. Na chini yake kuna ziwa la pili kwa kina duniani, karibu mita 1,470.

Na nchi hii ikiamua kusikia inasikia. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokaribia pwani, boti za Dar na Zanzibar zilisimamishwa. Wafanyabiashara walilalamika, wasafiri walikwama, lakini walikwama nchi kavu wakiwa hai. Ngazi ya hatari inatakiwa kufanya hivyo: ikitangazwa, kitu kinabadilika. Isipobadilisha kitu inabaki taa ya disko.

Isiposikika, historia ipo. Tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria karibu na Mwanza, mamia ya watu wakafa. Ilipokuwa imepinduka bado inaelea na watu wako hai ndani, ikatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa inaishikilia ikatoka, meli ikazama. Nia ilikuwa nzuri kabisa, ila maandalizi ya jambo kama lile hayakuwepo. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ikapinduka ikikaribia Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101, waliokufa peke yao walizidi 220. Na siku za mwanzo hakuna aliyejua kwa uhakika ndani walikuwa wangapi. Sasa ile boti ya klipu, nani aliandika majina? Nani alibaki ufukweni na orodha?

Halafu kuna promota mmoja, rafiki wa staa, anapenda kusema "ajali haina kinga" na "siku yako ikifika imefika". Huyu huyu gari lake lina bima kubwa na geti lake lina walinzi wawili. Kwa mali yake kinga ipo, kwa watoto wa watu ndipo anakumbuka kudra. Wazee walisema tahadhari kabla ya hatari, na wavuvi wa dagaa wanaliishi neno hilo. Mvuvi akiangalia ziwa jioni akaona limebadilika, analaza chombo, analala njaa, kesho anaamka. Hana wafuasi milioni wala hana kiki, ila kwenye jambo hili ana akili kumzidi staa.

Kisingizio cha mwisho ndicho cha aibu zaidi: eti jaketi linaharibu muonekano. Kaka, wewe ndiye unayeamua muonekano! Ulivaa koti la manyoya kwenye joto la Kigoma na wiki iliyofuata vijana wote wa Mwanga wakatafuta manyoya. Ukivaa jaketi okozi la rangi ya chungwa klipu moja tu, watoto wa Kibirizi na Katonga watawaomba baba zao wawanunulie. Hakuna semina yenye nguvu hiyo. Unaiacha bure.

Hakuna anayesema usishuti ziwani. Ziwa ni lenu, na uzuri wake uonekane. Kinachotakiwa hakizidi dakika kumi: angalia taarifa ya TMA kabla ya kutoka. Jaketi moja kwa kila kichwa, na livaliwe, lisikaliwe. Majina yaandikwe, karatasi ibaki ufukweni. Wote waambiwe kabla ya kuondoka boti ikiyumba wakae wapi, wasikimbilie upande mmoja. Na nahodha akisema leo hapana, iwe hapana, hata kama umelipia boti mara tatu. Nahodha ndiye kapteni. Wewe na kombati zako za kukodi ni abiria.

Kirk alikuwa na mwandishi wa kumfufulia rafiki yake kwenye muvi iliyofuata. Dansa wa Rusimbi ana mama anayesubiri arudi kabla ya magharibi.

Povu ruksa hapo chini kwenye komenti. Na kama ulikuwemo kwenye ile boti, sema ulikalia jaketi au ulivaa.