Ngazi za Valletta

Akina mama wenzetu, mwezi uliopita tuliwaahidi habari za kukausha mboga za majani. Mboga zitangoja kidogo. Tumetoka safari, na mtu mwenye jambo moyoni hawezi kuandika juu ya mchicha.

Baba watoto alialikwa kwenye semina ya watu wa bandari huko Malta, kisiwa kilicho katikati ya bahari ya Mediterania, kusini ya Sicily. Tiketi yake ililipwa na wenye semina. Ya pili ilitoka katika fedha za upatu na ndama wawili, wala haikupatikana bila maneno. Yeye alisema ni ufujaji. Mmoja wetu alisema kwamba kwa miaka 29 ya ndoa hatujapata kusafiri wawili tu, isipokuwa kwenda msibani au kupeleka mtoto hospitali. Tukaenda.

Semina ilikwisha Alhamisi, na ndege ilikuwa Jumamosi. Ijumaa ikawa yetu. Tulikuwa tumefikia Sliema, basi asubuhi tukavuka kwa kivuko hadi Valletta, mji mkuu. Ni mji mdogo ajabu, haufiki hata kilomita moja ya mraba, umekaa juu ya rasi ya mawe. Ulianza kujengwa 1566 na watawa wapiganaji wa Mtakatifu Yohane, mwaka mmoja baada ya kisiwa kuzingirwa na majeshi ya Waturuki, nao ukapewa jina la mkuu wao, Jean de Valette. Mitaa yake imenyooka kama mistari ya daftari. Lakini kilima kina mgongo, kwa hiyo mitaa mingi inayokatiza imegeuzwa ngazi. Ngazi, mama! Ukimaliza moja unaiona nyingine.

Hapo ndipo siku ilipoanza kuharibika. Mmoja wetu alikuwa amevaa viatu vipya vya kisigino chembamba, zawadi ya baba watoto, na msomaji hahitaji kuambiwa ni nani. Vilibana tangu hotelini, lakini utamwambiaje mume kwamba zawadi yake inauma? Naye alitembea nyuma, polepole, akisimama kila baada ya vidato kumi na tano kutazama roshani za mbao zilizofunikwa, zilizopakwa rangi ya kijani, nyekundu na buluu. Ni nzuri kweli, zinakumbusha nyumba za kale za Mombasa na Unguja. Lakini roshani ya ishirini ni roshani tu. Tulidhani amenuna kwa ajili ya ndama.

"Baba, mbona unatuchelewesha?"

"Natazama."

Kanisa kuu la Mtakatifu Yohane ukiliona kwa nje ni kama ghala. Ndani ni dhahabu kutoka chini hadi darini, na sakafu yote ni mawe ya makaburi ya wale watawa, zaidi ya 300, ya marumaru ya rangi nyingi, yenye picha za mafuvu na malaika. Kwa sababu ya marumaru hiyo viatu vya visigino vyembamba haviruhusiwi. Mlinzi alitazama miguu yetu, akatikisa kichwa. Bahati nzuri kandambili zilikuwamo mkobani, na mabega yalikwisha kufunikwa kwa khanga. Tuliingia katika kanisa lile la fahari tukiburuza kandambili kama tunakwenda kisimani, na tusiwafiche, ilikuwa raha kuliko sala ya mwaka mzima.

Humo kuna picha kubwa ya Caravaggio ya mwaka 1608, ya kukatwa kichwa kwa Yohane Mbatizaji. Inazidi mita tano kwa upana. Ndiyo picha pekee aliyoitia sahihi, na jina lake ameliandika katika damu inayomwagika chini. Lakini jicho letu halikukaa kwenye damu. Kuna mwanamke mzee pembeni, ameshika kichwa kwa mikono miwili. Wanaume wote pale wanafanya kazi yao, msichana amekwisha kuinamisha sinia, na ni yeye mzee peke yake anayeona kwamba mtu anakufa. Tulisimama hapo muda mrefu. Baba watoto alikuwa ameketi kwenye benchi, amefumba macho. Tulidhani anasali.

Mchana tulikula pastizzi, vitumbua vya unga wa tabaka tabaka vilivyojaa jibini au njegere, na hapo tulicheka kwa mara ya kwanza. Mwenye duka alikuwa akihesabu chenji kwa Kimalta: sitta, sebgħa... Sita, saba! Lugha yao ina mizizi ya Kiarabu, ndiyo maana maneno yetu mengi ni ndugu. Bahari wanaiita baħar, dakika ni dqiqa, na siku ile yenyewe, Ijumaa, ni il-Ġimgħa. Nao ni Wakatoliki, wakimwita Mungu Alla.

Tulipotoka kutazama kanisa la Mtakatifu Paulo, ambaye jahazi lake lilivunjika kisiwani humo, tulipanda ngazi nyingine. Katikati baba watoto akaketi kwenye kidato. Uso ulikuwa wa kijivu na jasho limemtoka, ingawa palikuwa na upepo.

"Mama, ngoja kidogo. Pumzi."

Kumbe zile roshani zilikuwa pumzi. Ikatoka yote, neno moja moja. Aliacha dawa za presha tangu mwezi wa tatu. Zilimfanya kichwa kizito, kisha ada ya kitinda mimba ilipokuja akaona fedha za dawa zitasaidia, na zaidi ya hayo alikuwa akijisikia mzima. Ndivyo presha ilivyo: mara nyingi haiumi popote, na mtu hudhani imekwisha.

Tungependa kuandika kwamba tulimkumbatia. La. Tuligombana pale pale ngazini, kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili. Miezi saba tunalala kitanda kimoja, na kibweta cha dawa kimesimama kabatini kama pambo! Naye akasema, "Na wewe je? Tangu asubuhi unachechemea, huniambii." Mlango ukafunguliwa. Bibi mmoja akatoka na kiti na bilauri ya maji. Hakuuliza kitu. Alimketisha baba watoto, akasimama akimpepea kwa gazeti mpaka rangi ikarudi. Tulipoaga alisema saħħa. Ndiyo kwaheri yao, na maana yake ni afya. Siha, kwa Kiswahili chetu.

Safari ya kuvuka kwenda Birgu tuliiacha. Tulijikokota kwa mitaa isiyo na ngazi, mmoja kwa kandambili, hadi bustani ya Barrakka ya Juu, tukaketi. Chini kuna bandari kubwa, ngome ng'ambo, meli zimejipanga. Pale baba watoto alikuwa kama kijana. Alieleza kina cha maji, jinsi meli kubwa inavyovutwa na tishali, na kwa nini bandari ile iligombaniwa na kupigwa mabomu vibaya katika vita vya pili. Miaka 29, wala hatukupata kumwuliza anafanya nini hasa kule kazini. Saa kumi mzinga wa heshima ukalipuka chini yetu. Mtu aliruka, na mkono ukashikwa, na haukuachwa.

Kurudi tulipanda basi. Ipo lifti inayoshuka mita 58 hadi majini, lakini siku hiyo kupanda na kushuka kulitosha.

Jumanne tulikwenda kliniki. Yake ilikuwa 180 kwa 110. Daktari alimpima moyo, akambadilishia dawa, akasema arudi baada ya wiki mbili. Kisha akatugeukia na kile kitambaa cha kupimia. Ya pili ilikuwa 150 kwa 95, nasi tulikuja kumsindikiza tu. Sasa vibweta ni viwili, vimekaa mezani kando ya sukari ya chai. Viatu amechukua kitinda mimba.