Kariokor na wapagazi wasio na makaburi

Ziara ya siku moja huko Luxor, Misri, hufika Deir el-Medina, kijiji cha mafundi waliochonga makaburi ya mafarao. Nao walizikwa kwa heshima, katika vyumba vyenye michoro ya rangi na majina yao ukutani. Eastlands, jijini Nairobi, ina historia ya kinyume, na inauma. Mtaa wa Kariokor umebeba jina la kikosi cha wapagazi (kwa Kiingereza, Carrier Corps) wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918. Makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa malaria na kuhara, bila kaburi linalojulikana. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba hawakuenziwa ipasavyo. Wanafunzi wanaopita Kariokor kununua makubadhi wanastahili kupelekwa pia Kenyatta Avenue, kwenye sanamu za shaba za 1928, ambako mpagazi amesimama pamoja na askari.